Fao la uzazi NSSF: nimekatwa miezi 42 lakini kwenye salio naona 29, nitalipwa kweli?

MamaKijacho_Ubungo:
Habari zenu wakuu. Nina mimba ya wiki 24, ya kwanza, na kuna jambo linaninyima usingizi naomba mnisaidie.

Nafanya kazi kampuni binafsi hapa Dar, mwezi huu natimiza miaka mitatu na miezi nane. NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) wameanza kunikata mwezi wa tatu tangu niajiriwe na kwenye kila slipu ya mshahara makato yapo, nimezihesabu zote ni 42. Sasa juzi shoga yangu mmoja aliejifungua mwaka jana akaniambia kuna hela ya uzazi NSSF wanalipa tofauti kabisa na mshahara wa likizo, mimi nilikua sijui hata kama ipo, nikafurahi maana mume wangu ni bodaboda na tangu pikipiki iharibike injini mambo ni magumu kidogo. Nikaingia kwenye ile programu yao ya simu kuangalia michango yangu nakuta miezi 29 tu. Mwaka 2023 kuanzia mwezi wa tano mpaka wa kumi na mbili hakuna kitu, alafu kuna mingine mitano imeruka ruka huku na huku.

Nikamuuliza HR akasema "tutalifanyia kazi" na mpaka leo kimya.

Maswali yangu ni haya, kwanza hilo fao masharti yake ni yapi hasa? Pili hio miezi 13 nifanyeje, na je nikimbana mwajiri si ataniachisha kazi na tumbo hili? Tatu kama nikilipwa na NSSF mshahara wa likizo unakatwa? Naombeni mwenye uzoefu anieleze taratibu, msinichoke.

BiMkubwa_Mbagala:
Hongera sana mdogo wangu, Mungu akujalie ujifungue salama.

Mimi nimelipwa hilo fao kwa mtoto wa pili kwahiyo nakueleza nilichokiona mwenyewe. Sharti kubwa ni uwe umechangia miezi isiyopungua 36, na kati ya hio 36 angalau 12 iwe ndani ya miaka mitatu kabla ya kujifungua. Hio ya 12 wewe umeshaipita, shida yako ni hio 36. Wanalipa wiki 12, wiki 4 zinahesabiwa za kabla ya kujifungua na 8 za baada, na ni asilimia mia ya wastani wa mshahara wako ule unaokatiwa michango, sio sijui nusu kama watu wanavyosema mtaani. Mtu wa laki sita anapata kama milioni moja na nusu na zaidi kidogo, kwa mzazi hio sio hela ndogo, mimi ndio nilimlipa dada wa kazi nayo na nikanunua godoro maana kwenye lile la zamani mgongo uliniua.

Usichelewe kudai. Una siku 90 tangu ujifungue. Pale kazini kwetu kuna mwenzetu alijifungua kwa operesheni akapata shida ya kidonda akaenda kwao Moshi kupumzika, karudi miezi minne imepita, akakosa, na alikua na michango ya miaka saba. Inauma sana. Mimi fomu niliichukua mapema kabisa kwasababu kuna sehemu ya daktari kujaza na sehemu ya mwajiri kujaza, na ya mwajiri ndio hukaa sana kwenye meza ya mtu, tangazo la mtoto, ile karatasi ya hospitali ya kuonyesha kazaliwa, nikaja kuliongezea mwishoni nilipotoka hospitali.

Na ujue linalipwa mara moja kila baada ya miaka mitatu, isipokua kama mtoto amefariki kabla hajatimiza mwaka, Mungu atuepushe.

Kivule_Boy:
Dada hebu nikuulize, kabla ya hio kampuni hujawahi kufanya kazi sehemu nyingine? Maana watu wengi wana namba mbili za NSSF na hawajui, mwajiri mpya anakusajili upya ile ya zamani inabaki huko na michango yake.

MamaKijacho_Ubungo:
Nimefanya hoteli moja Bagamoyo 2019 mpaka corona ilipokuja 2020 wakatupunguza, kama miezi tisa hivi. Walikua wanakata NSSF ila kadi sikuwahi kupewa, nilikua na karatasi tu yenye namba. Ina maana ile inahesabika???

Kivule_Boy:
Inahesabika ndio, sio lazima michango iwe mfululizo wala ya mwajiri mmoja. Itafute hio karatasi hata kama iko chini ya kabati, uende nayo ofisi yoyote ya NSSF na kitambulisho cha NIDA uwaambie waunganishe namba. Piga hesabu: 29 na 9 ni 38, umeshavuka 36 kabla hata mwajiri wa sasa hajalipa deni lake. Na mpaka ujifungue kuna mitatu mingine inaingia kama wataipeleka. Kwenye fao peke yake usiwe na presha.

Wakili_wa_Mtaa:
Kivule_Boy kakupa jibu zuri sana ila dada usije ukaridhika hapo ukaiacha hio miezi 13. Nisikilize vizuri.

Hela iliyokatwa kwenye mshahara wako ni yako. Mwajiri hana ruhusa ya kukaa nayo, sheria inamtaka apeleke michango ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi husika, na ni asilimia 20 ya mshahara, kawaida wewe 10 yeye 10, kwahiyo kwa hio miezi 13 hajakunyima ya kwako tu, kakunyima na ya kwake. Leo unaiona ni ya uzazi, kesho utaihitaji kwenye pensheni ambako wanataka miezi 180, na miezi 13 ni zaidi ya mwaka mzima wa jasho lako. Nimeona wazee wa kiwandani wamefika miaka 60 wanaambiwa umepungukiwa miezi 9, na kiwanda kimeshafungwa, mashine zimeuzwa, hakuna wa kumdai. Mambo haya yananitoa machozi kila nikiyakumbuka kwasababu yangetatulika mapema na slipu tu.

Kwahiyo fanya hivi, toa kopi za slipu zote 42, chukua na taarifa ya michango, nenda NSSF ulizia afisa matekelezo. Hao kazi yao ndio hio, kukagua waajiri na kuwadai malimbikizo pamoja na adhabu ya kuchelewesha, wewe hutaongezewa makato hata senti. Wanaweza kukagua kampuni nzima, maana kama kwako haikwenda Mei mpaka Desemba 2023 basi kuna uwezekano mkubwa haikwenda kwa wenzako wote, ongea nao kimya kimya waangalie salio zao, mkienda watu sita hakuna anaeonekana ndio mchokozi.

Kuhusu kuachishwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 iko wazi, kumwachisha mtu kazi kwasababu ya mimba au kwasababu kadai haki yake ni kuachishwa isivyo halali. Ikitokea, usikae nyumbani kulia, una siku 30 za kupeleka lalamiko CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi), unajaza ile fomu namba 1 na hakuna ada. Likipita siku 30 unaanza kuomba kusamehewa kuchelewa, na hio ni safari nyingine.

BiMkubwa_Mbagala:
Na swali lake la tatu halijajibiwa jamani. Mshahara wa likizo HAUKATWI. Likizo ya uzazi ni siku 84 na mshahara kamili anakulipa mwajiri, ukipata mapacha ni siku 100. Fao ni la kwako wewe kama mwanachama wa mfuko. Kuna maHR wanawaambia wakina mama chagua kimoja, mwambie akuonyeshe imeandikwa wapi.

Alafu barua ya likizo ipeleke miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua na cheti cha daktari, wewe wiki 24 muda unao lakini sio mwingi. Likizo unaweza kuanza wiki nne kabla. Na kama mnafanya zamu za usiku, miezi miwili kabla ya tarehe hupaswi kupangwa usiku tena. Ukirudi kazini unaruhusiwa mpaka masaa mawili kwa siku ya kwenda kunyonyesha, andika na hilo kwenye barua mapema.

Mama_Njiti:
Naomba niongezee kwa uchungu kidogo. Mimi nilijifungua wiki ya 30. Mtoto kakaa wodi ya watoto njiti wiki sita, nalala kwenye benchi, nakamua maziwa kila masaa matatu, nambeba kifuani kangaruu, na huku nahesabu siku 84 zinavyoisha kabla mtoto hajafika hata nyumbani. Nilirudi kazini mtoto ana kilo mbili na nusu. Sheria wakati ule ilikua haituangalii. Mabadiliko ya sheria za kazi ya 2025 ndio yameliona hili, ukijifungua njiti muda wa kufikia wiki 40 unaongezwa kwenye likizo. Nasema ili mwenye kupatwa asiende kumpigia magoti bosi kama mimi, ni haki yake. Saivi mwanangu ana miaka mitatu, anakimbia.

Pwani_Mombasa:
Hamjambo ndugu zetu wa Bongo. Huku Kenya hatuna mfuko wa kumlipa mama hela mkononi hivyo, mwajiri ndiye analipa miezi mitatu ya likizo na mshahara mzima basi, na baba anapata wiki mbili. Cha serikali ni upande wa hospitali. Zamani ilikuwa Linda Mama, mpango wa kujifungua bure, tangu Oktoba 2024 ni SHA, bima ya afya ya serikali, hospitali inalipwa shilingi za Kenya elfu kumi ukizaa kawaida na elfu thelathini ukipasuliwa. Lakini lazima uwe umejisajili na umelipia, asiyeajiriwa analipa si chini ya mia tatu kwa mwezi na wanataka ulipe mwaka mzima kwa pamoja, na hapo ndipo mama zetu wengi wa vibarua wanapokwama, mtu anauza mahamri asubuhi hio elfu tatu na mia sita ya mara moja ataitoa wapi na yuko miezi minane. Kwa hivyo dada hilo fao lenu lishikilie, ni kitu kikubwa.

Baba_Tina:
Mumeo bodaboda hana likizo najua, ila kwa wanaume walioajiriwa wanaosoma hapa, tuna angalau siku 3 za malipo na lazima uzichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe, mimi nilijua nina mwezi mzima wa kuzichukua zikaniponyoka. Na cheti cha kuzaliwa mtoto wa chini ya miaka mitano ni bure kwa mpango wa RITA (wakala wa usajili wa vizazi), unasajilia palepale kituo cha afya au ofisi ya kata. Mshughulishe mumeo na hilo wakati wewe umelala na mtoto. Na yeye ajiunge NSSF kama aliejiajiri, inawezekana.

Na kwenye hospitali ya serikali kujifungua sera inasema bure ila nenda na gloves, pamba, wembe, mpira wa kulalia, khanga za kutosha na beseni, usisubiri uambiwe usiku wa manane maduka yamefungwa.

MamaKijacho_Ubungo:
Jamani nimerudi, samahanini nimekaa kimya wiki tatu.

Ile karatasi ya Bagamoyo niliipata kwa mama, aliifungia vyeti vyangu vya shule. Nikaenda NSSF na NIDA, yule dada wa kaunta akaandika namba akaniambia ni kweli una michango 9 huku, nikajaza fomu ya kuunganisha, baada ya siku nane nimeangalia kwenye simu naona 38. Nilikaa chini sakafuni nikalia, mume wangu akajua kuna msiba.

Ya mwajiri nimefanya kama Wakili alivyosema. Tulienda wanne, wengine wawili waliogopa siwalaumu. Wote wanne 2023 kuanzia mwezi wa tano hamna kitu. Afisa matekelezo akachukua kopi za slipu, akatuandikisha, wiki iliyopita wakaja ofisini kwetu kukagua. HR saivi ananisalimia vizuri sana. Bado haijalipwa yote ila juzi imeingia miwili ya 2023, sasa nina 40.

Barua ya likizo nimepeleka jana, niko wiki ya 27, nakala yangu imegongwa muhuri na tarehe nimeiweka kwenye ile bahasha ya mama. Fomu ya fao daktari wa kliniki kasema nimpelekee hudhurio lijalo. BiMkubwa naomba nikuulize kitu kimoja tu, ile sehemu ya mwajiri aliijaza HR au mhasibu?