Naomba ushauri: jetiski ya supachaja au ya kawaida?
Wakuu habari zenu, nipo Nungwi nataka kununua jetiski yuzdi ya kupakia wageni, nimeonyeshwa Yamaha mbili, FX HO na FX SVHO, zote injini ya lita 1.8 ila HO inavuta hewa yenyewe na SVHO ina supachaja, yaani pampu inayosukumia injini hewa kwa nguvu. Hiyo ya supachaja nimeijaribu aisee, ukibonyeza mafuta tu inakuchomoa mikono! Shida inataka petroli ya oktani kubwa, ile ya daraja la juu, na mimi mafuta nabeba kwa madumu kutoka sheli, halafu joto lake, chumvi ikiziba njia za maji ya kupoza si ndo naua injini? Moyo wangu uko kwa HO. Aliyewahi kufungua supachaja anisaidie, klachi yake inadumu masaa mangapi kwa kazi ya kila siku? Hii ni akiba yangu yote.