Ugenini, mgahawani, mtu mwenye njaa anasimama mezani: ufanyeje?

Njia_Ndefu
Wadau, habari zenu. Msafiri ameketi meza ya nje, ameshaanza kula. Anakuja mtu asiye na makazi, anasema ana njaa. Mhudumu keshaanza kumfukuza, na lugha ya pale msafiri anaijua maneno mawili matatu tu. Ampe kilichobaki kwenye sahani au aagize kipya? Na mtu aliyekaa na njaa muda mrefu apewe chakula gani? Naomba ushauri wa vitendo.

Meza_ya_Nje
Njia_Ndefu, anza na salamu, kisha muulize anataka kula nini. Menyu yenye picha inatosha, aonyeshe kwa kidole. Anaweza kuwa na mwiko wa dini, mzio, au meno mabovu, na hayo huwezi kuyajua kwa kumtazama.

Kwa mhudumu sema neno moja: "Huyu ni mgeni wangu, weka kwenye bili yangu." Usimgombeze. Mara nyingi anafukuza kwa sababu ndivyo alivyoagizwa na mwenye mgahawa, na kelele zako zitamwangukia yeye na yule mwenye njaa baada ya wewe kuondoka. Wakikataa asikae, agiza cha kufungwa, ulipe hapo hapo, na usiondoke mpaka umeona kimefika mikononi mwake. Oda ya kulipia na kuondoka huweza kupotea jikoni. Kumbuka maji, kijiko na kifuniko kinachofunga vizuri. Supu bila kijiko ni mateso.

Kilichobaki: chakula ulichokwisha kuuma au kuchovya kijiko usimpe mtu. Ukitaka kugawana, omba sahani tupu chakula kinapoletwa, gawa kabla hujagusa. Na saa inahesabu: chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, au saa 1 joto likizidi nyuzi 32 za Selsiasi. Anayelala nje hana friji wala jiko, kwa hiyo mwambie kimepikwa lini. Wali ndio wa kuogopa zaidi, maana kuna bakteria ambao mbegu zao hustahimili kuchemshwa, na sumu wanayoitoa wali ukikaa haiondoki hata ukipashwa moto.

Nesi_wa_Zamu
Naongezea upande wa afya. Wengi wanaoomba barabarani wanakula kidogo na bila mpangilio, na mlo wa kawaida hauwadhuru. Hatari ni kwa aliyekaa zaidi ya siku 5 bila kula au akila kidogo mno, hasa akiwa amekonda sana. Akishindiliwa wanga mwingi ghafla, fosfeti, potasiamu na magnesiamu hushuka kwenye damu, na moyo unaweza kupoteza mapigo yake. Huyo anahitaji hospitali, alishwe kidogo kidogo chini ya uangalizi. Ukimwona hawezi kusimama au amechanganyikiwa, piga namba ya dharura ya pale. Inafaa uwe nayo kwenye simu kabla ya safari.

Jambo jingine linalonisikitisha: mtu anatetemeka, anatoka jasho, anaongea ovyo, watu wanasema mlevi. Inawezekana sukari imeshuka, hasa kama ana kisukari. Akiwa anaweza kumeza, mpe gramu 15 hivi za sukari, yaani kijiko kimoja kikubwa ndani ya maji, au nusu glasi ya juisi. Subiri dakika 15, rudia kama hajapata nafuu, kisha ale. Aliyezimia usimtie kitu mdomoni.

Kama hujui hali ya meno yake, chagua laini: supu nzito, mayai, maharage yaliyoiva.

Chenji_Mfukoni
Wakija watoto, pesa usiwape. Mara nyingi nyuma yao yupo mkubwa anayezikusanya, na mtoto anayeleta pesa nyingi ndiye hatolewi barabarani. Chakula wapewe kikiwa kimefunguliwa, wakile hapo hapo mbele za watu. Usimpeleke mtoto popote, usimpige picha.

Kwa wakubwa, weka chenji mfuko wa peke yake ili usifungue pochi mbele ya watu, na simu isikae mezani. Hilo lifanye kabla ya kuketi. Kuikamata simu mtu anapokukaribia ni kumwita mwizi bila kutamka.

Miji mingine ina sheria ndogo zinazozuia kutoa pesa au kugawa chakula hadharani, kwa hiyo uliza hotelini. Kama huna cha kutoa, mtazame usoni, sema hapana mara moja. "Baadaye" inamfanya akusubiri saa nzima.

Njia_Ndefu
Shukrani sana. Na akikataa chakula akataka pesa?

Meza_ya_Nje
Muulize ni ya nini. Huenda ameshakula, ila hana ya kitanda cha usiku, dawa au nauli. Ukiweza kulipia hicho chenyewe, lipa. Ukiamua kumpa taslimu, mpe bila masharti, na kiasi ambacho hutakwenda kukihesabu tena usiku.