Naomba ushauri: picha zinapotea mwongozo ukihamia Linux

Habari zenu wakuu. Hapa Mwanza tunaandika kwa LaTeX (programu ya kupanga maandishi kwa amri) mwongozo wa ufugaji wa sato kwenye vizimba, wengine kwa Windows, wengine Linux. Anwani zote za faili zinazoanza na C:\Users tumeziondoa, na \ kati ya folda tumegeuza kuwa /. Kwenye Windows mwongozo unatoka safi. Linux inadai picha/kizimba.jpg haipo, maana faili lenyewe ni Kizimba.JPG, na Linux inatofautisha herufi kubwa na ndogo. Ukibadilisha jina ukiwa Windows, Git (programu tunayotunzia matoleo ya faili) haishtuki; amri yake ya kubadilisha jina, git mv, inakubali, ila picha ni nyingi mno.

Kuna namna ya kuyabadilisha majina yote kwa mkupuo salama? Na sura zikiwa kwenye folda zake, ipi inatulia zaidi: \graphicspath (amri ya kutaja folda za picha) au \subimport (amri ya kuingiza sura pamoja na folda yake)? Natanguliza shukrani.