Naedit picha za mandhari, nikivuta vivuli mwanga wa asili unapotea

Wadau naomba msaada. Napiga jua linapozama, nikifika kwenye kompyuta navuta vivuli (naongeza mwanga sehemu za giza) mpaka kila kitu kinaonekana, histogramu (ile grafu ya mwanga wa picha) inakaa poa kabisa ila picha haina tena ile jioni niliyoiona. Nifanyeje?

Jibu 1
Unapiga RAW (faili ghafi la kamera) au JPEG (picha iliyobanwa tayari)? JPEG ni biti 8, yaani ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi, ukivuta vivuli chengachenga zinatoka fasta. RAW ya biti 14 ina 16,384. Unapopiga, punguza eksposha (mwanga unaoingia kwenye kamera) kidogo ulinde anga, maana pakishaungua pakawa peupe kabisa hapo hakuna cha kurudisha.

Jibu 2
Kuongezea tu mkuu, shida yako nadhani sio chengachenga. Jioni vivuli vinatakiwa viwe vizito na vya bluubluu kwa sababu vinaangaziwa na anga sio jua, sasa wewe ukivipandisha hadi vilingane na anga unakuwa umefuta mwelekeo wa mwanga, jicho halijui tena jua liko wapi. Acha baadhi ya sehemu ziwe nyeusi kweli! Na waiti balansi (mpangilio wa rangi ya mwanga) usiiache oto, huwa inapooza ile rangi ya dhahabu.

Muuliza swali
Napiga RAW. Ngoja nivishushe vivuli nione, asanteni sana.