Katumiwa kadi 40 za besiboli bure, turudishe nini?

Mama Neema, Columbus, Ohio:
Jamani, Neema anakusanya seti ya 1987 ya kadi zenye picha za wachezaji wa besiboli, za kampuni ya Topps, ile ya fremu ya rangi ya mbao, kadi 792. Tuliomba kubadilishana kadi chache tu. Mzee mmoja wa Iowa katuma kadi 40 na kikaratasi: "Simdai kitu." Mimi nimekulia Tanga, sahani ya jirani hairudi tupu. Nifanyeje?

Baba Salim:
Dada, pesa usitume, utamvunja moyo. Kadi za miaka ile zilichapishwa kwa wingi mno, nyingi ni za senti tu. Alichowapa hasa ni muda wake wa kuzichambua moja moja. Muulize anashabikia timu gani. Akisema Cubs, timu ya Chicago, mtafutieni kadi ya mchezaji wao wa enzi hizo, Ryne Sandberg, kwenye zile zenu zilizojirudia.

Bi Zuhura:
Kila kadi ivae mfuko wake wa plastiki, kisha zibaneni katikati ya kadibodi mbili. Utepe wa gundi usiguse kadi! Pembe ikikunjika imeharibika. Na barua aandike Neema mwenyewe.

Mama Neema:
Ahsanteni sana. Kasema ni Cardinals, timu ya St. Louis! Kadi ya mchezaji wao wa enzi hizo, Ozzie Smith, tunayo ya ziada, na Neema keshaanza kuandika.