Tupeane uzoefu: kazi yako nani anaihesabu?

Mwanzisha mada, Majengo
Waungwana, alipita kijana wa kuandikisha kaya mtaani kwetu. Akamuuliza mavyaa wangu kazi yake. "Sina kazi, nipo tu." Na huku mahamri yamo karaini, kakanda unga kabla ya alfajiri! Mengine ya kuuza, mengine ya wajukuu. Kwenye hesabu za pato la taifa, hamri la kuuza lina thamani, la mjukuu kazi ya kulipika haihesabiwi. Unga ule ule, mkono ule ule. Haya, semeni yaliyowakuta.

Binti Likoni
Nilikuwa namtunza mzee wa watu huko Nyali, nalipwa kwa mwezi. Kumgeuza, kumwosha, dawa kwa saa, kukesha akikohoa. Mamangu alipopooza nikaacha, nikavuka feri kurudi kumuuguza. Kazi ni hiyo hiyo, tena huku hakuna wa kupokezana naye zamu. Kule niliitwa mfanyakazi. Huku mashangazi wauliza, "Siku hizi umekaa tu?" Kakangu hutuma elfu tano kila mwisho wa mwezi, na yeye ndiye asifiwaye kwamba anamtunza mama.

Kuli Mstaafu
Mie nilibeba magunia bandari ya Kilindini, hapa Mombasa, tukipimwa kwa tani. Leo wahesabu kontena, sawa. Lakini wazee wetu wa bandarini walipogoma Januari 1947, hata maboi wa majumbani waliungana nao. Hapo ndipo mabwana walipojua nani huwapikia chai.

Dereva wa Tuktuk
Kwani mwataka mke alipwe kwa kupika? Mapenzi yatabaki wapi?

Mwanzisha mada
Kaka, nani kataja mshahara? Utafiti wa 2021 wa KNBS, shirika la takwimu la Kenya, ulikuta wanawake hutumia kama mara tano ya muda wa wanaume kwa kazi za nyumbani na ulezi usiolipwa. Mapenzi hayo mbona ya upande mmoja?

Karani wa Tononoka
Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inatambua kazi za nyumbani na kulea watoto kuwa mchango. Ila msidhani mkiachana mali hugawanywa nusu kwa nusu: Mahakama ya Juu ilisema 2023 kila mmoja athibitishe mchango wake. Nasi Waislamu twaweza kufuata sheria ya dini. Shida ni ushahidi. Jirani yangu alikuwa na risiti ya friji tu. Kulea hakuna risiti. Ikabidi aite majirani waje kumsemea.