Zana rasmi za modi: mikono ya dereva wangu haishiki usukani wa kulia

MwanaWaDereva aliandika:

Wakuu, heshima kwenu. Naomba mwenye uzoefu wa kutengeneza modi (vitu ambavyo wachezaji wenyewe huviongeza kwenye gemu) anisaidie, maana nimekwama kabisa.

Natengeneza basi la Kitanzania kwenye gemu moja ya udereva ya kompyuta. Jina la gemu naliacha, sikuja hapa kuchafua watu. Gemu nimeinunua kihalali, na zana za modi nimezichukua kwenye ukurasa wa studio yenyewe iliyoitengeneza. Ni za bure, na wameandika pale kwamba wanathamini sana kazi za watengeneza modi.

Basi ni Yutong, lile lenye vioo vya pembeni vinavyoning'inia mbele kama pembe. Nilishinda stendi ya Magufuli pale Mbezi siku mbili nikipiga picha, zikafika 143, na dereva mmoja akaniruhusu kupima ngazi za mlangoni na upana wa dashibodi kwa futi kamba. Kulijenga kumenichukua miezi saba, usiku baada ya kutoka dukani, kwenye laptopu ya RAM GB 8 inayochemka kama pasi. Baba yangu aliendesha mabasi njia ya Dar–Mbeya miaka 22 mpaka macho yalipoanza kumsumbua akapumzika. Basi hili namtengenezea yeye. Nimeweka mpaka kile kitambaa chekundu cha kufutia kioo, upande wa kulia wa dashibodi, kama alivyokuwa akikiweka.

Sasa shida ni hii. Kwetu usukani uko kulia. Kwenye zana kuna sehemu ya kuchagua upande wa usukani. Nikichagua kulia, siti inahama, usukani unahama, dereva naye anahama na kukaa vizuri. Mikono haihami. Inabaki imenyooshwa kushoto, inashika hewa juu ya siti ya konda. Ukikata kona, usukani unazunguka wenyewe huku mikono ikizungusha hewa kule pembeni.

Jumapili moja nilimkalisha Baba mbele ya skrini. Akaangalia taa, akaangalia dashibodi, akakiona kitambaa akacheka. Tulipofika kona za Kitonga (ramani ni modi ya mtu mwingine, Mungu ambariki) akaniuliza, "Mwanangu, huyu dereva wako mbona ameachia usukani mteremkoni?" Nilikosa la kujibu.

Nimesoma mwongozo wote. Sehemu ya kiunzi cha dereva (ile mifupa isiyoonekana inayomfanya asogee) ina kichwa cha habari, na chini yake wameandika kwamba maelezo yataongezwa. Ni hivyo hivyo tangu nilipoupakua mara ya kwanza, miaka miwili iliyopita. Plagini ya kutolea faili kwenda kwenye gemu inakubali toleo la 2.79 tu la Blender, programu ya kuchongea maumbo, kwa hiyo nina Blender mbili kwenye mashine moja: mpya ya kuchongea, ya zamani ya kutolea. Gemu ikigoma, faili la kumbukumbu linasema kuna kitu kimeshindwa kupakiwa. Kitu gani, halisemi.

Nikawaandikia. Likaja jibu la mashine kunishukuru. Baada ya wiki tatu nikaandika tena na kuwapelekea video. Bando la GB 2 liliishia hapo. Wiki ya tisa wakafunga ombi langu kwa mstari mmoja: hawatoi msaada kwa modi. Lakini mimi sikuwauliza kuhusu basi langu, nimeuliza kuhusu kitufe chao, kwenye zana yao! Mwezi uliofuata likaja toleo jipya la gemu, na teksicha zangu zote 38 (picha zinazovalishwa juu ya umbo la basi) zikawa zambarau. Kwenye maelezo ya toleo waliandika tu kwamba mfumo wa picha umeboreshwa. Nilikaa siku nne kuhifadhi upya faili moja moja, na siku mbili kati ya hizo umeme ulikuwa wa mgao.

Kinachoniuma ni kwamba wangesema tangu mwanzo hawana zana, ningejua najitegemea na ningejipanga hivyo. Wametoa zana, nikaiamini, nikajenga miezi saba juu yake.

Je, kuna aliyewahi kufanikiwa na usukani wa kulia? Na niendelee kuwasumbua studio, au nihamie zana za mtaani ambazo watu wanazitengeneza wenyewe? Naogopa modi isije ikafutwa.

---

fundi_wa_likoni aliandika:

Ndugu yangu, pole sana. Mimi nafanya matatu za Mombasa kwenye gemu za simu na za kompyuta, na huo wimbo naujua mwanzo hadi mwisho.

Nijibu swali moja kwanza. Ndani ya gemu, kuna gari lolote la Uingereza lililotengenezwa na studio yenyewe? Kama lipo, mikono yake inashika usukani?

Kama inashika, basi gemu inaweza na aliyetengeneza gari hilo anajua njia. Kilichopungua ni zana kukuonyesha hiyo njia. Usipoteze usiku mwingine kwenye mwongozo. Lifungue gari lao, uangalie ndani kuna nini ambacho kwenye lako hakimo. Simaanishi uchukue bodi ya watu ukaipake rangi useme yako, hilo mimi silikubali hata kidogo. Angalia mpangilio tu: majina ya mifupa, nukta zilizowekwa wapi, kipi kimefungwa chini ya kipi. Weka kiunzi chao na chako kwenye madirisha mawili, ushuke nacho mstari kwa mstari.

Kuhusu lile faili la kumbukumbu lisilosema kitu: toa nusu ya vitu kwenye basi, jaribu. Likifunguka, mbaya yuko kwenye ile nusu uliyoitoa. Igawe tena. Basi langu la kwanza lilikuwa na vipande zaidi ya 200, nikampata mbaya kwa majaribio manane. Alikuwa ni kioo cha nyuma, nimekipa jina lenye nafasi katikati.

Na faili lako la asili la Blender usilihifadhi juu ya lile la jana. Kila siku jina jipya lenye tarehe. Likija toleo la kuvunja vitu utanikumbuka.

---

MwanaWaDereva aliandika:

Shukrani kaka. Lipo! Kuna basi la ghorofa la London, jekundu. Nimelijaribu sasa hivi, mikono inashika vizuri na inafuata usukani hata ukikunja mpaka mwisho. Yaani wanajua. Leo usiku nalifungua.

---

dada_msimbo aliandika:

Mdogo wangu, nimesoma habari ya baba yako na kile kitambaa nikarudia mara mbili. Kazi yangu ni kuandika programu, si za gemu, lakini mwenyewe nimeshatengeneza zana za ndani za kampuni ambazo baadaye zilitolewa kwa watu wa nje. Acha nikueleze linavyotokea, halafu nikwambie wapi nakuunga mkono.

Zana wanayotumia studio ndani mara nyingi imefungamana na vipande vya programu walivyokodi leseni kwa kampuni nyingine, na vipande hivyo hawaruhusiwi kuvigawa. Kwa hiyo ya kutolewa nje inakatwakatwa. Kitufe kinabaki, kilichokuwa nyuma ya kitufe kimeondolewa. Kisha aliyeiandika anahamishiwa mradi mwingine. Anayejibu barua zako ni mtu wa huduma kwa wateja ambaye huenda hajawahi kuifungua zana hiyo hata siku moja.

Hiyo ni sababu. Udhuru siukubali, kwa kuwa wapo walioweza. Gemu ya Stardew Valley ilipokuwa inakwenda toleo la 1.6, lililotoka Machi 2024, watengeneza modi walipata mapema mwongozo wa kuhamisha modi zao: hiki kimebadilika, kilikuwa hivi, sasa andika hivi. Na gemu ile ilianzishwa na mtu mmoja.

Upande wa pili angalia Fallout: London. Ni modi ya gemu ya Fallout 4, kubwa kama gemu nzima, ilitengenezwa na watu wa kujitolea kwa miaka, na walishatangaza itatoka tarehe 23 Aprili 2024. Wenye Fallout 4 wakatangaza sasisho kubwa la tarehe 25 Aprili. Siku mbili tu baadaye! Kikundi kikalazimika kuahirisha, modi ikatoka tarehe 25 Julai, na wachezaji wakahitaji kurudisha gemu yao kwenye toleo la zamani ili iwake. Watu wazima na familia zao, kazi ya miaka, na sasisho la gemu ya mwaka 2015 likawapitia juu.

Kuhusu zana za mtaani usiwe na hofu ya jumla, soma masharti ya gemu yako. Gemu ya Skyrim ilitoka Novemba 2011 na zana yake rasmi ikafuata Februari 2012, zana nzuri tu, lakini mambo mengi ambayo watu wanayapenda kwenye modi zake yanategemea SKSE, zana ya mtaani ambayo si ya studio. Kasoro yake ni kwamba inashikamana na programu kuu ya gemu, kwa hiyo programu hiyo ikibadilishwa, na yenyewe inangoja kurekebishwa. Ukichagua njia hiyo, zima masasisho ya kujiendesha yenyewe kabla ya kitu kingine chochote.

Na waandikie tena, lakini usiwapelekee basi. Basi lina vitu elfu, watasema kosa ni lako. Watengenezee kiti, usukani na dereva tu. Hata rangi usipake. Andika namba ya toleo la gemu na la zana, hatua tatu za kufanya, na picha mbili: chako na basi lao la London. Hapo hakuna pa kukimbilia.

---

kipanga_nyamagana aliandika:

Mkuu mimi nitakuwa tofauti kidogo. Huidai studio chochote. Ulinunua gemu, gemu inafanya kazi. Zana ni zawadi. Nenda kwenye gemu inayojali modi, miezi saba mingine utakuwa umemaliza.

---

MwanaWaDereva aliandika:

@kipanga_nyamagana nimekuelewa kaka, na kwa sheria uko sahihi. Lakini kwenye ukurasa wa kuuzia gemu wameweka picha za mabasi ya watu kama sisi, wamezitumia kuvutia wanunuzi. Nilinunua kwa sababu ya picha hizo. Na tusisahau Counter-Strike ilianza mwaka 1999 kama modi ya Half-Life, na Dota ilizaliwa ndani ya Warcraft III kwa zana za kuchorea ramani zilizokuja na gemu yenyewe. Wenye gemu wanafaidika na sisi. Sidai mshahara. Nataka waniambie kabla hawajabadilisha, na wanijibu nikiuliza kuhusu kitu chao.

---

MwanaWaDereva aliandika (siku sita baadaye):

Wakuu, imekubali.

Fundi wa Likoni, nilifanya ulivyosema, madirisha mawili. Kwenye basi la London chini ya usukani kuna nukta mbili ndogo, moja kwa kila kiganja, zimefungwa kwenye usukani ili zizunguke nao. Kwenye basi langu hazimo. Nikajaribu kutoa basi lenye usukani wa kushoto: zana inaziweka yenyewe. Ukichagua kulia haiziweki, wala haikwambii. Ni hilo tu. Miezi saba, nukta mbili.

Nikaziweka kwa mkono kwenye Blender 2.79, majina yaleyale herufi kwa herufi. Mara ya kwanza mkono wa kulia ukashika, wa kushoto ukaja umepinda, kidole gumba kinatazama sakafuni. Nukta ilikuwa imegeuka. Nikaizungusha nyuzi 180, nikatoa tena, nikawasha gemu. Vidole vikafunga usukani kimoja baada ya kingine. Nilibaki naviangalia basi likiwa limesimama tu.

Jana Baba amekaa tena. Kona ya kwanza ya Kitonga hakusema kitu. Ya pili akaniambia nimepita na gia kubwa, mteremko ule unashuka na gia ndogo, breki unaigusa tu. Nikarudi juu tukaanza upya.

Dada, ripoti nimeipeleka kama ulivyoelekeza: kiti, usukani, dereva, hatua tatu, picha mbili. Hawajajibu bado. Nimeandika pia maelezo ya zile nukta kwa Kiswahili, ukurasa mmoja na picha nne, nimeuambatisha hapa chini pamoja na faili dogo la mfano lenye kiti na usukani tu. Mtu yeyote anayetengeneza gari la Tanzania, Kenya au Uganda achukue, usukani wetu wote uko kulia.

Kilichobaki ni taa. Usiku indiketa ya kushoto inamulika mpaka ndani kwenye siti za nyuma, na sijajua kama ni basi langu au ni lile toleo jipya. Mwenye mashine yenye nguvu kuliko yangu naomba alijaribu Kitonga saa mbili usiku, taa za ndani zikiwa zimezimwa, aniwekee picha.